Nani Atamlambisha Mtoto wa Riffat

Musarrat alikuwa akimkamua nyati wa kufugwa, na hasira zake zote alizimalizia kwenye ndoo. Maziwa yalipiga bati kwa kishindo, kama mtu anayegombana. Upande wa pili wa ua, kwenye kivuli cha ukuta, Riffat alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, mtandio umemfunika uso. Jua lilikuwa limeshapanda. Unga ulikuwa haujakandwa. Samadi ilikuwa haijabandikwa ukutani ikauke iwe kuni. Na Riffat amelala.

"Kichwa tena leo?" Musarrat aliuliza bila kugeuka.

"Kinanigonga, dada. Tangu jana."

"Mimi nilichuma pamba mpaka siku niliyomzaa Sajida. Uchungu ulinikuta shambani. Kichwa changu siku hiyo sijui nilikiacha wapi."

Riffat alicheka kidogo, kisha akashika kichwa. Hata kucheka kulimuuma.

Wanawake hawa wawili walikuwa wameolewa na ndugu wawili, katika nyumba moja, ua mmoja, tanuri moja la mikate. Musarrat alitangulia. Mume wake ni Arshad, mkubwa. Watoto wake watatu aliwazaa humo humo ndani, na mkunga wa kijijini, na asubuhi iliyofuata alikuwa jikoni. Riffat alikuja baadaye, mke wa Nadeem, mdogo. Alikuwa amesoma kidogo. Alipopata mimba, Nadeem alianza kumletea makomamanga kutoka mjini. Mama mkwe wao, Mama Sardaran, akamkataza kubeba maji. Dada Shamim, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita kumpima, na kila akipita Riffat alivaa nguo safi kana kwamba anakwenda harusini.

"Hakuna aliyenikataza mimi kubeba kitu," Musarrat alimwambia nyati.

Hayo yote angeweza kuyameza. Jambo lililomkwama kooni lilikuwa ghuti.

Pale kijijini mtoto akizaliwa, mtu aliyechaguliwa huchovya kidole katika asali na kumlambisha, kabla hajaonja kitu kingine chochote. Hiyo ndiyo ghuti. Watu huamini kwamba mtoto atachukua tabia ya mtu aliyemlambisha. Kwa hiyo hachaguliwi mtu yeyote tu. Huchaguliwa mpole, au mcha Mungu, au mwenye akili. Na maisha yake yote huambiwa, "Huyu mtoto ni wako, wewe ndiye uliyempa ghuti."

Musarrat hakuwahi kuchaguliwa. Safari hii alijua zamu ni yake. Yeye ndiye mke wa ndugu mkubwa. Lakini siku moja, Mama Sardaran akichambua dengu, alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, "Ghuti atatoa Tehmina."

Tehmina ni dada yake Riffat, mwalimu wa shule katika mji wa Multan.

"Mtulivu," Mama Sardaran aliendelea. "Hapandishi sauti. Mtoto akichukua tabia ile, tumepata."

"Na mimi tabia yangu ina nini, mama?"

Mama Sardaran aliokota kijiwe kwenye dengu, akakitupa. "Wewe una mikono ya kazi, binti yangu."

Jibu likawa hilo. Musarrat alilitafuna siku nyingi na halikulainika.

Sasa Riffat aliinuka kitandani, akaja polepole mpaka bombani. "Dada, nivue hizi bangili. Zinanibana."

Musarrat alimpaka sabuni mkononi, akavuta. Bangili hazikupita. Mkono ulikuwa umevimba kama unga uliochachuka. Akamtazama usoni. Macho yalikuwa madogo, mashavu yamejaa.

"Na nikitazama ukuta naona cheche," Riffat alisema. "Kama kwa mhunzi."

Musarrat aliziachia bangili. Alitaka kuita. Lakini sauti nyingine ndani yake ilitangulia: Utasema, na Nadeem atakimbilia gari, na huyu atabebwa kama malkia, na wewe utabaki na samadi yako.

"Nenda ukalale," alisema. "Itapita."

Hakumwambia mtu.

Haikupita. Adhuhuri, mikate ikiwa ndani ya tanuri, Riffat alianguka. Mwili ulikakamaa kama gogo, kisha ukaanza kutetemeka. Macho yaligeuka. Damu ikatoka mdomoni, alikuwa amejiuma ulimi.

"Jini," Mama Sardaran alisema. "Leteni kiatu cha ngozi anuse. Mwiteni mzee wa dua."

Musarrat hakuleta kiatu. Aliruka kizingiti, miguu mitupu, akakimbia mpaka nyumbani kwa Dada Shamim nyuma ya msikiti. Alirudi akimvuta mkono kama anayevuta ndama.

Shamim alimgeuza Riffat ubavu, akaondoa kijiko ambacho mtu alikuwa anajaribu kumtia kati ya meno. "Msimtie kitu mdomoni. Mwacheni apumue." Mtetemeko ulipokwisha, akamfunga mkanda wa kupimia presha. Aliutazama, akautazama tena.

"Hili si jini, mama. Hiki ni kifafa cha mimba. Presha yake imepanda mpaka imegusa ubongo." Akainua uso. "Alilalamika kichwa? Kuona vimulimuli? Kuvimba mikono?"

Watu walitazamana.

"Alilalamika," Musarrat alisema. "Aliniambia mimi. Leo asubuhi."

Mama Sardaran alimgeukia.

"Mtaulizana baadaye," Shamim alisema. "Gari la maziwa liko wapi?"

Mkusanyaji wa maziwa alikuwa bado njiani, na gari lake dogo la mizigo. Madumu yakashushwa, kitanda cha kamba kikapandishwa, Riffat akiwa juu yake.

"Na dua?" Mama Sardaran aliuliza.

"Someni ndani ya gari, mama. Dua haizuiwi na barabara."

Kule hospitali ya wilaya madaktari hawakuuliza maneno mengi. Walimchoma Riffat sindano ya kuzuia kifafa na dawa ya kushusha presha, na hali ilipotulia wakampeleka chumba cha upasuaji. Mtoto akatolewa. Wa kiume, amewahi kwa zaidi ya mwezi mmoja, mdogo, mwekundu, amekunjamana. Alilia mara moja kwa sauti ya paka, kisha akaanza kuguna kila akipumua, na mbavu zake zikawa zinabonyea ndani.

Hapo ndipo familia ilipogawanywa. Mama akapelekwa mlango wa kushoto, chumba cha uangalizi maalumu wa wagonjwa mahututi. Mtoto akapelekwa mlango wa kulia, chumba cha uangalizi maalumu wa watoto wachanga. Mama Sardaran alikaa sakafuni katikati ya milango miwili, hajui amlilie nani.

Nesi wa watoto alikuwa mwanamke mfupi, jina lake Farkhanda. Alitoka, akachutama mbele yake.

"Mtoto ameshatoka," Mama Sardaran alimwambia. "Mnamfungia nini mwanamke? Si mlisema ugonjwa ni wa mimba? Mimba iko wapi sasa?"

"Mimba imetoka, mama, lakini presha bado ipo. Kifafa kinaweza kurudi hata baada ya kuzaa, na siku za mwanzo ndizo za hatari. Kinaweza kuharibu figo, ini, ubongo. Humo ndani anatazamwa kila wakati. Presha yake, pumzi yake, mkojo wake, damu inayomtoka. Ukimpeleka nyumbani, nani atajua presha imepanda tena? Tanuri?"

"Nilidhani chumba kile mtu huingizwa akafie."

"Wengi hudhani hivyo, ndiyo maana wanawaficha wagonjwa wao mpaka wamechelewa. Wengine tunawaingiza mle kwa sababu wamevuja damu nyingi. Wengine homa ya uzazi imeingia kwenye damu. Wanatazamwa kwa karibu ili wasife."

"Na mjukuu wangu?"

"Mapafu yake hayajaiva. Akitoa pumzi yanashikamana, kama mfuko wa plastiki uliolowa. Ana mashine inayosukuma hewa puani ili yasishikamane. Hana mafuta mwilini, kwa hiyo joto linamtoka upesi. Na hajajua bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango. Sisi tunamsaidia mpaka ajue."

Mama Sardaran alifikiri. "Na ghuti?"

"Humu hakuna ghuti, mama."

Mama Sardaran aliitikia kwa kichwa kama watu wanavyowaitikia askari wa barabarani. Maana yake hakukubali.

Nadeem alimpigia simu Tehmina. Musarrat alikuwa amekaa karibu, akasikia yote.

"Kesho nafika," Tehmina alisema kwenye simu. "Mwambieni mama asali inisubiri. Mtoto asionjeshwe kitu."

Asali ilikuwa tayari, chupa ndogo ndani ya mfuko wa Mama Sardaran, imefungwa kitambaa kipya. Musarrat aliutazama mfuko ule muda mrefu. Mtu anakaa Multan, hajawahi kumsaidia Riffat hata kufua kitambaa, anakuja kesho na viatu vyake vya mjini, na mtoto atakuwa wake. Na mimi niliyekimbia miguu mitupu?

Asubuhi, mtoto alikuwa ametulia kidogo. Farkhanda alitoka tena. "Huyu anahitaji kifua cha mtu. Sanduku la joto ni zuri, ngozi ya binadamu ni nzuri zaidi. Akilala kifuani, ngozi kwa ngozi, joto lake hukaa sawa, moyo wake hutulia. Mama yake bado hawezi. Nani hapa ana afya, hana mafua, hana upele?"

Mama Sardaran alikohoa. Alikuwa akikohoa tangu usiku.

"Mimi," Musarrat alisema.

Wakati nesi anatafuta gauni la kumvalisha, Mama Sardaran alikwenda kutawadha. Musarrat alifungua mfuko, akachovya pamba kwenye asali, akaifunga katika ncha ya mtandio wake. Wivu humpa mtu mikono mitulivu.

Ndani kulikuwa na joto. Alioshwa mikono mpaka viwiko. Alikalishwa kwenye kiti cha kuegemea, gauni likafunguliwa mbele, na Farkhanda akamweka mtoto kifuani pake, pamoja na mipira yake ya pua na waya zake. Alikuwa mwepesi kuliko mkate. Musarrat alihisi mguu mmoja, mdogo kama kidole gumba, ukimsukuma ziwani. Mtoto aliguna, akatulia, akaweka shavu.

Hakuna aliyewahi kumchagua Musarrat hivyo.

"Utakuwa wangu," alimnong'oneza. "Tehmina atakuta kidole changu kimetangulia."

Farkhanda aligeuka kumhudumia mtoto mwingine. Musarrat alifungua fundo la mtandio kwa mkono mmoja, akabonyeza pamba, kidole kikalowa asali. Akakiinua.

Mtoto akaacha kupumua.

Kwanza Musarrat alidhani amelala. Kisha alihisi kwamba chini ya mkono wake hakuna kinachopanda wala kushuka. Midomo ya mtoto ikageuka rangi ya wino. Mashine ikaanza kulia. Farkhanda alifika kwa hatua mbili, akamnyoosha shingo, akamsugua mgongo kwa vidole viwili, juu na chini, bila pupa.

"Haya, bwana mkubwa. Pumua. Umesahau, eh? Pumua."

Mtoto alishtuka, akavuta hewa, akalia. Rangi ikarudi. Mashine ikanyamaza.

"Watoto wanaowahi hufanya hivi," Farkhanda alisema. "Ubongo unasahau kuwaamrisha wapumue. Ndiyo maana hatuwaachi peke yao." Kisha akaona kidole kilichobaki hewani. "Hicho kina nini?"

Musarrat angeweza kukifuta. "Asali," alisema.

"Umempa?"

"Bado."

Farkhanda alikishika kidole kile, akakisafisha kwa pamba na spiriti, taratibu, kama anavyosafishwa mtoto. Hakupandisha sauti. "Ungeitia wakati ule, ingeshuka kwenye njia ya hewa. Nisingemrudisha kwa kumsugua mgongo."

Musarrat alikikunja kidole, akakificha kiganjani.

"Na hata asingekuwa hivi. Hata mtoto mnene aliyezaliwa kwa wakati wake, asali hapana mpaka atimize mwaka. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu kisichoonekana. Tumbo la mtu mzima linakishinda. Tumbo la mtoto mchanga linakikuza, kinatoa sumu, mtoto analegea kama kitambaa, anashindwa kunyonya, mwisho anashindwa kupumua. Na samli, na maji ya sukari, na chai, hivyo navyo humletea kuharisha na kumnyima nafasi ya maziwa."

"Wangu watatu walilambishwa wote."

"Wengi hupona. Asiyepona huzikwa, watu wakasema alipigwa jicho."

Musarrat alimtazama mtoto. Alikuwa amelala tena, mdomo umeachama kidogo, hajui kitu. "Basi alambe nini?"

"Maziwa ya mama yake. Yale ya mwanzo, mazito, ya njano."

"Yale tunayoyakamulia chini?"

"Hayo hayo mnayoyamwaga. Ndiyo kinga yake ya kwanza. Matone machache tu yanamtosha kwa sasa, tutampitishia kwenye mpira mpaka ajue kunyonya. Lakini mama yake ameamka sasa hivi, hana nguvu, na wenzangu wa kule wana kazi nyingi. Yasipokamuliwa mapema, yanachelewa kutoka."

"Kukamua najua," Musarrat alisema.

Riffat alikuwa kitandani, mrija mkononi, mkanda wa presha unajikaza na kujilegeza wenyewe. Uso ulikuwa bado umevimba. Alipomwona Musarrat, machozi yalimtoka pembeni ya macho.

"Yuko hai, dada? Wananiambia yuko hai. Niambie wewe."

"Yuko hai. Ana hasira. Amenipiga teke."

Farkhanda alimwonyesha Musarrat namna. Mikono safi. Chombo safi. Kidole gumba juu, vidole vingine chini, nyuma ya sehemu nyeusi ya ziwa. Kusukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo kubana, kisha kuachia. Kutovuta chuchu.

Musarrat alivuta.

"Dada," Riffat alisema, "mimi si nyati."

"Nyati angekuwa ameshanimwagia ndoo. Tulia."

"Mwambie nesi akuonyeshe tena. Unaning'oa."

Alionyeshwa tena. Mikono iliyokamua maisha yake yote ililazimika kujifunza upya. Alisukuma, akabana, akaachia. Muda ulipita bila kitu. Kisha tone moja likajitokeza, la njano kama samli, likaning'inia. Wanawake wote watatu walilitazama.

"Nani amempa ghuti?" Riffat aliuliza kwa sauti ndogo. "Tehmina amefika?"

"Hajafika. Hakuna aliyempa."

"Wewe?"

Musarrat aliendelea kubana na kuachia. "Nilitaka. Nilikuwa na asali kwenye mtandio. Nilitaka dada yako akute nimeshamaliza."

Riffat alifumba macho.

"Na jana asubuhi niliuona mkono wako," Musarrat alisema. "Niliona si mkono wa mtu mwenye afya. Nikanyamaza. Niliona utabebwa kama malkia, roho ikaniuma."

"Malkia gani, dada." Riffat hakufumbua macho. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu."

"Mimi? Una homa wewe."

"Umezaa watatu na kesho yake unakanda unga. Mimi kila kitu kinaniogopesha. Kichwa kilianza kuniuma siku nyingi kabla ya jana. Sikumwambia hata Dada Shamim. Niliona mtanicheka, nilisema nivumilie kama wewe."

Musarrat aliacha kukamua. Akamfuta Riffat uso kwa ncha ya mtandio, ile iliyo safi. "Tumekaribia kumuua mtoto sisi wawili," alisema, "kwa kuoneana wivu wa vitu ambavyo hakuna aliye navyo."

"Kamua," Riffat alisema.

Matone yale yalikwenda mlango wa pili, ndani ya bomba dogo la sindano isiyo na ncha. Farkhanda alimpaka mtoto kidogo ndani ya mashavu, mengine akayapitisha kwenye mpira. Mtoto alitikisa ulimi. Musarrat alisimama pale akitazama, na roho yake bado ilimuuma. Alijua kwamba sasa mtoto ameonja, na si kwa kidole chake.

Mchana Tehmina alifika. Alikuwa mwembamba, mpole kweli, hapandishi sauti. Mkononi alikuwa na chupa yake mwenyewe, asali ya maua ya mkunazi, asali ya bei. Mama Sardaran alimkumbatia, akalia, akamshika mkono kumpeleka mlango wa kulia. Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, na mlinzi aliruhusu mmoja.

Musarrat alikuwa amesimama mlangoni.

"Sogea, binti yangu," Mama Sardaran alisema.

"Aingie, mama. Asali ibaki."

"Sogea."

"Ibaki. Itamuua."

Mama Sardaran alicheka bila furaha, akawageukia watu waliokaa kwenye mabenchi kana kwamba ni majirani zake. "Mnaona? Wivu huu. Tangu niliposema Tehmina, huyu hajala akashiba. Jana alinyamaza mpaka mwenzake akaanguka. Leo amesimama mlangoni. Hata mbele ya mtoto mgonjwa, Musarrat?"

Watu walitazama. Uso wa Musarrat uliwaka moto. Angeweza kumwita Farkhanda. Angeweza kulia. Hakuna kati ya hayo ambalo Mama Sardaran angeliamini.

"Ndiyo," alisema. "Nina wivu. Nyumba nzima inajua, nyati anajua. Hata sasa namtazama Tehmina na roho inaniuma. Lakini nisikilize, mama. Asubuhi nilikuwa ndani, peke yangu, mtoto kifuani. Asali yako nilikuwa nayo, niliiiba kwenye mfuko. Kidole kilikuwa kimelowa. Hakuna mtu duniani aliyeitaka ghuti ile kuliko mimi. Jiulize kwa nini sikumpa."

Mama Sardaran alifungua mfuko wake, akatoa chupa, akaitazama kwenye mwanga. Ilikuwa imepungua. Akamtazama Musarrat, na alimtazama sana, kama mtu anayechambua dengu.

"Kwa nini hukumpa?"

"Aliacha kupumua, mama. Hapa." Musarrat aliweka mkono kifuani. "Alikuwa hana nafasi ya kupitisha hewa, mimi nataka kumpitishia asali."

Mama Sardaran alikaa kwenye benchi. "Kama hukumpa wewe," alisema mwishowe, polepole, "basi kuna jambo."

Tehmina aliirudisha chupa yake mkobani. "Nimekuja kumwona dada yangu, mama. Asali tutaila na mikate." Kisha, kwa upole wake ule ule uliomchosha Musarrat, "Nioneshe pa kunawa mikono, dada."

Musarrat alimwonyesha. Mpaka viwiko, alimwambia. Na pete uvue.

Riffat alitoka chumba cha mahututi presha ilipokubali kutulia, akahamia wodi ya kawaida. Siku alipoweza kukaa, Musarrat alimchukua mtoto, akamweka kifuani kwa mama yake. Mikono yake ilichelewa kuachia. Riffat aliona, akajifanya hakuona. Mtoto alipewa jina Mubashir. Alijifunza kunyonya kama watu wanavyojifunza baiskeli, kwa kuanguka mara nyingi, na alipoacha kusahau kupumua, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Nyumbani aliendelea kubebwa kifuani kwa kitambaa, leo na mama, kesho na Musarrat, na mara moja na Nadeem, ambaye wanaume wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Alinyonya maziwa tu, hata maji hakupewa, mpaka alipotimiza nusu mwaka. Dada Shamim alipita kumpima Riffat presha, akamwambia wazi kwamba mimba ijayo aanze hospitali mapema, maana ugonjwa ule unaweza kurudi.

Musarrat naye alibadilika, ingawa si kwa ulimi. Mke wa fundi cherehani wa jirani alipokuja kuazima chumvi, ana mimba kubwa na uso umejaa, Musarrat alimshika mkono, akabonyeza, akaona shimo limebaki.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu, dada. Nitavumilia."

"Hutavumilia kitu. Kaa hapo." Akatoka barabarani mwenyewe, akasimamisha gari la maziwa.

Yule mama alirudi kijijini na mtoto wake wa kike, wote wawili wazima. Mtoto huyo alipoletwa uani kuonyeshwa, Musarrat alimpokea, akamweka begani. Mubashir wakati huo alikuwa ameshajua kukaa. Alikuwa juu ya kitanda cha kamba, katikati ya wanawake waliokuja kutazama. Alimwona mama yake mkubwa amembeba mtoto mwingine. Mdomo ukapinda. Akapiga kitanda kwa ngumi mbili, akapiga ukelele uliowafukuza kuku, na hakunyamaza mpaka yule mtoto aliporudishwa kwa mwenyewe na yeye akabebwa.

Wanawake walicheka. "Wivu wote huu kautoa wapi?" mmoja aliuliza. "Nani alimpa ghuti huyu?"

"Hakulambishwa kitu," Mama Sardaran alijibu. "Maziwa ya mama yake tu. Mimi ni shahidi." Aliendelea kuchambua dengu zake, kisha akamtazama Musarrat, na mtoto aliyembeba. "Lakini kifua alicholalia nakijua."

Musarrat alimweka Mubashir vizuri begani, akaenda kukanda unga kwa mkono mmoja.